Bima ya Kaya ya Mama Ghati

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa, mwanangu. Nilisimama kwenye dirisha la mapokezi hospitalini Mugumu, nimembeba dada yako Nyangi aliyekuwa amejikunja kwa maumivu ya tumbo, nikaulizwa swali dogo tu na midomo ikagoma. Nitakusimulia. Ila nitakwenda taratibu, maana siku hizi hata kusimulia kunanichosha. Kwa miaka sijazeeka sana, lakini magoti yangu yametangulia.

Jana umenipigia kwa furaha. Umepata kazi katika hoteli ya mbugani, mshahara umepanda, na bima ya afya watakupa wao. Nimekupongeza kwa moyo wote. Halafu ukaongeza, kama mtu anayemwaga maji machafu, kwamba bima ya sasa umeshaandika barua ifutwe mwisho wa mwezi, usije ukakatwa huku na huku. Hapo nilichoka ghafla, kwa sababu maneno hayo hayo niliyasema mimi nikiwa na umri unaokaribia wako, tena kwa majivuno kukuzidi. Aliyeyasikia alikuwa Mama Ghati.

Mama Ghati hukumjua, alifariki wewe ukiwa unatambaa. Yeye ndiye aliyenioa. Najua vijana mkilisikia jambo hili mnaangaliana, kwa hiyo acha niliseme lote. Ghati lilikuwa jina lake mwenyewe, si la mtoto; alikuwa mjane mwenye ng'ombe na hana mtoto. Kwa mila yetu Wakurya, mwanamke wa namna hiyo aliweza kutoa mahari akaoa msichana, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake, wakabeba jina lake na kurithi ng'ombe wake. Nyumba ntobhu, ndivyo tunavyoiita. Baba yangu alipokea ng'ombe, nami nikapelekwa kwa Mama Ghati, kijijini nje kidogo ya Mugumu. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Lakini kwake sikuwahi kulala njaa wala kupigwa, na si kila msichana wa rika langu aliyeolewa na mwanamume angeweza kusema hivyo. Nilimwita mama, yeye akaniita Robhi, tukalima mihogo na ulezi pamoja. Baba zenu ni habari nyingine, na katika nyumba ya namna ile si habari kubwa.

Wakati huo bima ya jamii ilikuwa ndiyo kwanza imeingia vijijini. Kaya inachangia mara moja kwa mwaka, inapewa kadi moja ya karatasi yenye picha, na wote waliomo wanatibiwa. Mama Ghati alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kujiunga. Wanaume walimcheka kilabuni: huyu mama analipia ugonjwa ambao haujaja, anauita au? Akawauliza, "Nyie zizi mnajenga kabla ya fisi au baada?" Wakarudi kwenye pombe yao.

Mimi nikaja kupata kazi ya upishi Nyakunguru, kwa mzabuni aliyekuwa akiwalisha wafanyakazi wa mgodini. Watu pale walitoka kila mkoa kufuata dhahabu, na Kiswahili chao kilikuwa kinateleza kuliko changu. Nikapanga chumba, watoto nikawaacha kwa Mama Ghati, nikawa narudi nyumbani nikipata mapumziko. Nilijifunza mengi kule. Nilijifunza kuvaa aproni nyeupe isiyo na doa, nilijifunza kupika pilau la watu mia, na nilijifunza kuona aibu. Hiyo ya mwisho hakuna aliyenifundisha, niliiokota mwenyewe. Wenzangu wakiniuliza, "Robhi, shemeji anafanya kazi gani?" nilijibu, "Mkulima." Sikudanganya, sivyo? Alikuwa mkulima hodari kabisa.

Basi ikaja siku ya kuandikishwa bima ya kazini. Karani wa ofisi alikuwa binti mpole, mgeni wa huku kama wengine. Akaniita.

"Dada Robhi, umeolewa?"

"Ndiyo."

"Jina la mume?"

Nyuma yangu wapishi wawili walikuwa wanasubiri zamu yao, masikio wazi. Nikasema, "Mume hayupo. Niandikie watoto na mama mkwe."

"Mama mkwe hawamchukui, dada. Ni mwenza wako, watoto, na wazazi waliokuzaa."

"Basi," nikasema. "Watoto tu."

Ndivyo nilivyomwacha nje mtu aliyekuwa ananilelea watoto, kwa neno moja la "basi". Pengine hata ningeeleza yote wasingemkubali, taratibu zao ni zao. Lakini ningekuwa nimeuliza, ningejua, ningepanga. Sikuuliza hilo, na sikuuliza bima yenyewe inaanza lini. Nilipigwa picha, nikatia sahihi, nikatoka nimenyoosha shingo. Kwa akili yangu, kupigwa picha ndiko kuanza.

Nilipokwenda nyumbani nikakuta mwaka wa bima ya kaya unakaribia kwisha. Mwita, aliyekuwa mwandikishaji wa kijiji, alikuwa ameshapita kukumbusha. Nikamkuta Mama Ghati anapepeta ulezi, nikamwamkia, shikamoo mama, marahaba, na hata sijakaa nikamwambia asihangaike tena na Mwita.

"Tumehama, mama. Sasa tuko bima ya kazini. Hiyo ya karatasi achana nayo, ni ya watu wa kijijini."

Hakuinua kichwa. "Hiyo mpya inaanza lini?"

"Imeshaanza."

"Nani kakwambia?"

"Nimepigwa picha."

"Na mimi ndani yake ni nani?"

Nikajifanya sijasikia. Nikamwita Nyangi aniletee maji ya kunywa, nikayanywa yote, nikaomba mengine.

Mama Ghati akaweka ungo chini. "Robhi, unakumbuka tulipohamisha zizi?"

Nilikumbuka, na nilijua anakokwenda. Zizi letu la zamani lilikuwa limezama kwenye tope, tukajenga jipya juu kidogo mlimani. Mimi nilitaka tung'oe nguzo za zamani siku ile ile tuzitumie kule juu, tupunguze kazi. Akakataa kata kata. Kwa wafugaji wa kwetu zizi la zamani haling'olewi mpaka ng'ombe walale jipya siku kadhaa, lango lijaribiwe, mianya ya ua ionekane na kuzibwa. Na kweli, jioni ya kwanza ng'ombe kadhaa waliteremka wenyewe wakarudi tope lao la siku zote. Kama tungekuwa tumeling'oa wangelala porini.

"Fisi hamsubiri mtu anayehama," akasema.

"Mama, haya ni mambo ya ofisi. Si ng'ombe."

"Ni yale yale," akasema, akarudi kwenye ungo wake.

Kesho yake alifunga majogoo wawili miguu, akaenda nao soko la Mugumu, akarudi na kadi imegongwa muhuri wa mwaka mpya. Mwanangu, nilikasirika mpaka chakula kikanishinda. Niliona ananitangaza kijiji kizima kwamba kazi yangu ni upuuzi, kwamba mtoto wa watu amekwenda kuhangaika mgodini bure. Nikamwambia anapenda kutupa mali. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa maneno, kisha akaitundika ile kadi kwenye msumari kando ya mlango, ndani ya mfuko wa nailoni ili mvua isiifikie. Akawaambia watoto, "Mtu asitoke na mgonjwa bila hii." Wakaishika kama sala.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi guu langu lilikuwa zima. Aliyeumia ni mtoto, na hapo ndipo methali hii ninapoidai maelezo.

Nilikuwa nimerudi mapumziko mengine. Mama Ghati alikuwa amekwenda msibani Tarime. Asubuhi Nyangi akakataa uji, nikadhani ni deko la kuniona. Baadaye akatapika. Kufika mchana alikuwa amejikunja upande mmoja, mwili unachemka, na nilipomgusa tumbo chini kulia akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikakimbia kwa jirani mwenye pikipiki. Nikambeba mtoto, nikafika mlangoni, naye akainua mkono akaelekeza msumari.

"Mama, kadi."

"Tulia. Mimi nina bima ya kazini."

"Bibi alisema tusitoke bila kadi."

Mtoto mgonjwa habishiwi. Nikaitwaa nikaitia mkobani ili anyamaze tu, tukaondoka.

Daktari hakuchukua muda. Alimbonyeza kidogo, akamwachia ghafla, mtoto akapiga yowe. Akaniambia ni kidole tumbo na lazima apasuliwe leo leo, kabla hakijapasuka chenyewe ndani. "Nenda dirishani ukamwandikishe upesi," akasema. Nikaenda na Nyangi begani, maana alikataa kuachia shingo yangu.

Dirishani alikuwepo mama mmoja mtu mzima, na kwa lafudhi yake hakuwa wa huku. Nikamwambia, na kiburi kikiwa bado kimebaki kidogo, kwamba mtoto ana bima ya kazini kwangu. Akaomba kadi. Nikasema haijatoka lakini nimeshaandikishwa. Akasema kwa upole, "Basi wapigie kazini, mama, wakupe namba."

Nikapiga. Yule karani mpole akapokea.

"Pole jamani, dada Robhi! Lakini bima yako bado. Si uko kwenye miezi ya majaribio? Inaanza yakiisha. Sikukwambia siku ile?"

Labda aliniambia. Labda wakati anasema mimi nilikuwa nawasikiliza wale wapishi wawili nyuma yangu. Nikakata simu. Nikashika ukingo wa dirisha. Fedha ya upasuaji sikuwa nayo, Mama Ghati alikuwa mbali, na tumbo la mtoto halijui habari za majaribio. Niliogopa, mwanangu, na hofu ya namna ile sijaipata tena mpaka leo. Ndipo nikakumbuka mfuko wa nailoni.

Nikautoa. Yule mama akaikunjua kadi, akatazama picha moja moja: Mama Ghati na kilemba chake, mimi, watoto. Akathibitisha muhuri wa mwaka. Uso wake ukapata nafuu, na wangu pia.

"Haya, hii iko hai. Mkuu wa kaya ni Ghati. Yuko wapi?"

"Yuko msibani."

"Ni nani wako?"

Hilo ndilo swali nililokwambia. Nikasema, "Mama."

"Mama mzazi?"

"Hapana."

"Mama mkwe, basi?"

Neno lilikuwa tayari ulimini, nilishalizoea. Lakini kabla sijalitoa aliisogeza kadi karibu na macho, akasema, "Maana hapa wewe umeandikwa mke. Sasa mke wa nani?"

Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Wachimbaji wawili wenye vumbi mpaka kwenye nyusi, mama mwenye kichanga, mzee na fimbo yake. Nilihisi macho yao yote kisogoni. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nimeshazaa, na niliyemzaa alikuwa ananing'ata bega kwa maumivu.

"Mimi ni mke wake," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Alinioa kwa ng'ombe. Na huyu ni mtoto wa nyumba yake."

Nikangoja kicheko. Yule mama akanitazama, akaitazama picha, akagonga muhuri kwenye karatasi ya upasuaji. "Mpeleke mlango ule, wamesema wanamsubiri." Na mchimbaji mmoja nyuma yangu akasema, "Dada, kama umemaliza si usonge? Wengine tunaumwa huku."

Ni hayo tu. Aibu niliyoificha Nyakunguru kwa miezi yote ile, watu hawakuwa hata na nafasi nayo.

Nyangi akapasuliwa, na daktari akasema tungengoja mpaka jioni mambo yangekuwa mengine. Kovu lake umeliona tangu utoto wako. Alikwambia kwamba alirukiwa na chui mbugani, na ukamwamini mpaka unaingia sekondari. Siku ukiwa na nafasi muulize tena.

Mama Ghati alifika kesho yake, vumbi la njiani likiwa bado miguuni. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akashika unyayo wa Nyangi kupitia shuka. Nikamweleza yote, kidole tumbo, simu, kadi ya msumarini. Nilipomaliza akaniuliza yale yale ya siku ya ulezi.

"Ile ya kazini inaanza lini?"

"Majaribio yakiisha, mama."

"Na mimi ndani yake ni nani?"

Safari hii sikuwa na maji ya kunywa. "Wewe humo," nikasema. "Nilisema mama mkwe, wakakataa."

"Mama mkwe." Alilirudia polepole. "Mwanangu wa kiume unamjua wewe? Mimi simjui."

Nyangi akacheka, akashika kidonda, akaanza kulia. Mama Ghati hakucheka. Alimbembeleza mpaka akanyamaza, kisha akasema bila kunitazama:

"Siku ile ya kuandikisha, kwa Mwita walikuwa wamejaa wanaume. Akaniuliza, huyu Robhi nimwandike binti yako au nani? Nikamwambia andika mke. Wakacheka, nikawaacha wacheke. Mtu akilala hospitali lazima ijulikane ni wa nani. Sasa wewe umenionea haya. Sawa, mimi mzee, nitaonewa haya na wengi. Lakini kama zizi lako jipya halina nafasi yangu, ungenipigia kelele tu, useme: Mama, wewe baki hapa chini. Ningebaki. Wewe ulitaka kung'oa hili, na kule juu hukuniwekea pa kulala, na ukanyamaza. Ningejua lini, Robhi? Nikishaumwa?"

Niliumia, mwanangu. Afadhali angenichapa. Nikapiga magoti pale pale sakafuni, kati ya vitanda, wagonjwa wakitazama, nikamwomba radhi. Akasema, "Inuka, sakafu ina baridi." Hakulirudia tena jambo lile mpaka anakufa.

Majaribio yalipokwisha bima ya kazini ikaanza kweli. Nilipopata mafua tu nikaipeleka dirishani makusudi, nione kama inafanya kazi, wenzangu wakaniona nimepungukiwa akili. Na ya kaya tuliendelea kuichangia kila mwaka kwa ajili ya Mama Ghati, maana yeye hakuwa na nyingine. Baadaye yule mzabuni akamaliza mkataba wake akaondoka na masufuria yake, na bima yake ikaondoka naye siku ile ile. Wapishi wenzangu walihangaika sana, mmoja wao akiwa mjamzito wa kukaribia kujifungua. Mimi nilirudi nyumbani kwenye zizi la chini.

Sasa na wewe nisikilize, na usiseme "nimeelewa mama" kabla sijamaliza.

Shuleni walitukaririsha usiache mbachao kwa msala upitao, na mwalimu hakutuambia mbachao ni nini, nasi hatukuuliza. Mbachao ni mbacha wako, mkeka chakavu. Unautazama unaona haya kuukalia mbele ya wageni, lakini ndio ulio nyumbani. Barua yako ya kufuta, kesho asubuhi nenda kaizuie. Usiifute bima ya zamani kwa sababu umeahidiwa mpya, wala kwa sababu umejaza fomu, wala kwa sababu umepigwa picha ukapendeza. Waulize hao wa hoteli tarehe, siku yenyewe, ambayo ukiumwa utatibiwa. Wakikwambia "mwezi ujao" waulize siku gani ya mwezi ujao. Waulize kama kuna kipindi cha kusubiri. Una mtoto mwenye pumu, na bima nyingine zinangojesha ugonjwa ulioanza kabla yake, au kujifungua, au upasuaji, hata kama kadi iko mkononi. Usione haya kuuliza mara mbili. Kuuliza si ujinga, na karani mpole hakasiriki, nimekutana naye.

Halafu waulize majina. Usiseme "familia", kila ofisi ina familia yake. Mtaje kila mmoja kwa jina na uhusiano wake wa kweli, hata kama uhusiano huo una maelezo marefu, na kila jina usikie kwa masikio yako ndiyo au hapana. Atakayeambiwa hapana, mwambie siku hiyo hiyo, na umtafutie pengine pa kujisitiri kabla hujahama. Mimi mwenyewe dawa zangu za presha nachukua kwa kadi yako, hilo ulilisahau jana katika furaha yako na sikulaumu. Nikiwa nje niambie tu. Bima ya kaya bado ipo, nami najua njia ya kwenda kuandikishwa.

Na uulize hospitali gani zinaipokea. Kadi nzuri ya Arusha haimsaidii mtu anayeumwa Mugumu. Ikianza, itumie kwa jambo dogo kwanza. Ndipo urudi ukafute ya zamani kwa utulivu, ukiwa umeshachukua dawa za mwezi na vipimo vyote ulivyostahili. Utakatwa huku na huku kwa muda, ndiyo. Mama Ghati alitoa majogoo wawili, na mimi nikamwita mtupa mali. Kila nikimwona Nyangi anapita na ndoo kichwani nawakumbuka majogoo wale.

Nimechoka, lakini kuna moja limebaki, nalo sijawahi kukwambia.

Mama Ghati alipofariki, kadi yake ilikuwa hai. Alilazwa, akatibiwa, akazikwa kwa heshima bila sisi kuuza ng'ombe wala kuzunguka na bakuli. Lakini mkuu wa kaya akifa lazima aandikwe mwingine, na mwaka ulikuwa unaishia juma lile lile. Kesho yake baada ya mazishi, watu wakiwa bado wamelala chini matangani, nilijifunga khanga nikaenda kwa Mwita. Wanawake walinong'ona kwamba machozi yangu yamekauka mapema. Hawakujua kuwa ninamlilia njia nzima, na kwamba hata kule ninakokwenda ni yeye aliyenituma. Fisi hasubiri matanga yaishe.

Nyumbani kwa Mwita walikuwepo wanaume, kama siku ile ya Mama Ghati. Mwita akaandika jina langu pale juu lilipokuwa jina la Mama Ghati. Akainua kalamu akanitazama. Alikuwa ananijua tangu naletwa kijijini, kwa hiyo sijui aliuliza kwa sababu ya kazi au kwa sababu nyingine.

"Na hali ya ndoa, Robhi? Niandike nini?"

Hakuna mtoto aliyekuwa ananing'ata bega siku hiyo. Ningeweza kusema lolote.

"Andika mjane," nikasema. "Mjane wa Ghati."

Wanaume wale hawakucheka. Mmoja alivua kofia.

Basi nenda, mwanangu, ukafanye kazi yako mpya. Mungu akuongoze njia ya mbugani kwenda na kurudi, kifua cha mtoto wako kifunguke, mkono wako upate, na usiache mtu wako nje ya ua jua likizama. Ukishauliza nipigie, uniambie inaanza lini, na mimi ndani yake ni nani.